Acheni Watoto Waandike Walichopima

Daftari la maabara likiwa safi mno, mimi huanza kulitilia shaka. Nukta zote za grafu zimekaa juu ya mstari, hakuna hata moja iliyoponyoka. Muda umepimwa mara tatu, na mara zote tatu umetoka uleule hadi sehemu ya mia ya sekunde. Jibu la mwisho la mvutano wa dunia ni 9.8 kamili, ilhali pendulamu yenyewe ilikuwa kokoto iliyofungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Mtoto aliyeandika hivyo hakupima kitu. Alikuwa na jibu mkononi, akarudi kinyumenyume kutafuta namba za kulifikisha. Wenyewe wanakuita kupika data, na wanalitamka neno hilo bila haya, utadhani ni hatua mojawapo ya jaribio.

Nafundisha fizikia sekondari hapa Tanga, na sikukusudia kulalamika kwamba watoto wa siku hizi hawana uaminifu. Hilo wazee wamelisema tangu enzi na enzi, wala halijamsaidia mtu. Ninavyoona mimi, mtoto anayepika data ana akili zake timamu. Ameusoma mfumo wa alama na kuuelewa. Ukiandika namba uliyoipata kwenye kipimo chako na ikawa mbali na ya kitabu, unakatwa. Ukiandika ya kitabu, unapata. Miaka michache iliyopita, kwenye mtihani mmoja wa ujirani mwema, ule wa pamoja wa shule jirani, niliona karatasi ya binti ambaye vipimo vyake vyote vilikuwa mezani, hesabu zimenyooka, ila alinyimwa alama za jibu kwa maelezo kwamba "halikukaribia". Hakuna aliyemuuliza kwa nini halikukaribia. Katika karatasi nzima ile, pengine hilo ndilo lilikuwa swali pekee la fizikia.

Ndiyo maana nimekuwa mpenzi wa jaribio la mawimbi ya maji. Gharama yake ni ndogo, na linawaumbua wapishi.

Kanuni yake ni fupi. Wimbi refu likipita kwenye maji ya kina kifupi, kasi yake hutegemea kina cha maji hayo. Chukua kina kwa mita, zidisha kwa ile 9.8 ya mvutano wa dunia, tafuta kipeuo cha pili. Hiyo ndiyo kasi, mita kwa sekunde. Mwanahisabati Lagrange aliifikia kanuni hiyo kwa kalamu na karatasi mwaka 1781. Maji yenye kina cha sentimita 3 yanatoa mita 0.54 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka yoyote, tena anayesimama kusalimia.

Nenda duka la vifaa vya ujenzi ununue gata ya plastiki ya mita 3, ile ya kukinga maji ya mvua pembezoni mwa paa, pamoja na vifuniko vyake viwili na silikoni ya kuzibia. Ilaze juu ya meza, uikague kwa pimamaji la fundi isije ikainamia upande mmoja, kisha umimine maji mpaka rula ikuonyeshe sentimita 3 katikati. Kata kipande cha ubao kinachoenea upana wa gata. Kisukume mara moja, kwa upole, na mgongo mmoja wa maji utaondoka. Ukitazama kwa juu huuoni vizuri. Inabidi uinamishe kichwa hadi jicho liwe usawa wa maji na uangalie mwanga wa dirisha uliolala juu yake; hapo utauona mgongo ukiuinua ule mwanga na kuushusha, unasafiri mpaka mwisho, unagonga kifuniko, unarudi. Kwenda na kurudi ni mita 6. Simu yoyote ina saa ya kupimia.

Kwa kanuni ya Lagrange, safari hiyo ni ya sekunde 11. Kwenye gata inachukua 13.

Hapa ndipo darasa linapogawanyika. Kuna kikundi kitakachoandika 11.1, 11.0, 11.1 na kufunga daftari mapema. Kuna kingine kitakachoandika 13.2, 12.9, 13.1, kisha wanaanza kutazamana, mmoja anafuta, mwingine anamzuia. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, gata ndiyo inadanganya au kitabu?" Sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo na mwanafunzi aliyekuwa na jibu sahihi.

Tulitafute basi hilo kosa. Wa kwanza kushukiwa ni kidole. Jicho likiona, kidole hakibonyezi papo hapo. Mtu wa kawaida huchelewa kama sekunde 0.2. Ni kweli, lakini katika sekunde 13 hiyo ni asilimia moja na nusu, nasi tunatafuta sekunde mbili nzima. Tena kosa la kidole lina tabia ya kuyumba. Mara hii umewahi, mara ijayo umechelewa, na ukirudia kipimo na kutafuta wastani, sehemu kubwa ya kuwahi na kuchelewa huko inafutana yenyewe. Zile sekunde mbili hazifutiki. Rudia jaribio asubuhi hadi jioni, wastani utang'ang'ania palepale kwenye 13, tena kwa ukaidi unaozidi. Kosa la namna hiyo limeegemea upande mmoja, na kurudia hakulitibu. Tiba yake ni kufikiri.

Wa pili ni rula. Rula nyingi za shule haziandiki sifuri ukingoni; kuna kipande cha milimita mbili tatu kabla ya mstari wa kwanza. Ukiisimamisha ndani ya maji na kusoma 3.0, kina halisi ni kama 3.3. Hilo ni kosa hasa, tena la kila siku, lakini angalia linavyoelekea: maji yakiwa na kina zaidi ya tunachodhani, wimbi lingewahi kufika. Letu limechelewa. Rula imepona. Wa tatu ni mkono uliosukuma ubao kwa nguvu. Mgongo wa kimo kirefu hukimbia kuliko wa kimo kifupi, jambo ambalo Mskoti John Scott Russell alilipima kwenye mahodhi aliyojijengea baada ya mwaka 1834, pale alipolifukuza wimbi moja kwa farasi kandokando ya mfereji karibu na Edinburgh. (Wimbi lilikuwa likienda maili nane au tisa kwa saa na akalipotezea kwenye kona za mfereji. Mwanasayansi wa kulifukuza wimbi kwa farasi ningependa kumwona.) Lakini hata huyo mshukiwa anaelekea upande uleule usiofaa: angeharakisha, asingechelewesha.

Nasubiri mpaka kimya kiwachoshe. Kwa kawaida kuna mtoto mmoja, na mara nyingi si yule wa kwanza darasani, anayeingiza mkono kwenye maji na kupapasa. Gata ina tumbo la duara. Zile sentimita 3 ziko katikati tu. Pembeni maji yanakuwa membamba mpaka yanaisha. Wimbi linasafiri kama mgongo mmoja, katikati yake haiwezi kuziacha pembe zake nyuma, kwa hiyo linalohesabika ni kina cha wastani: eneo la maji ukikata gata kama mkate, ugawe kwa upana wa uso wake. Kwa gata ya upana wa sentimita 11 hivi, kina hicho ni karibu sentimita 2.1. Kiweke kwenye kanuni. Kasi inatoka 0.46, na mita 6 zinachukua sekunde 13.

Kitabu hakikudanganya, gata haikudanganya. Waliokuwa na 13 walikuwa wamepima umbo la gata kwa kutumia saa. Waliokuwa na 11 hawakupima chochote, na kama ningesahihisha kwa namba ya kitabu, wao ndio wangepata alama zote.

Sasa kuna jambo la pili, ambalo wengi tunalipita haraka. Mita 6 gawanya kwa sekunde 13.1: kikokotoo kinaleta 0.458015267, na mwanafunzi anainakili yote. Tarakimu tisa kutoka kwenye kidole kinachochelewa sehemu ya tano ya sekunde! Jibu la haki ni 0.46, kuongeza au kupunguza 0.01. Hiyo kuongeza au kupunguza si ungamo la uzembe. Seremala anayekutengenezea mlango hupunguza milimita kadhaa kila upande kwa kuwa anajua mbao huvimba masika, na hakuna mwenye nyumba anayemdai azirudishe. Kipimo kinachotaja upana wa shaka yake kinakwambia unaweza kukitumia kwa kazi gani. Kile kisichotaja kinakuachia ukisie.

Vipi kuhusu ile namba tukutu? Wamepata 13.2, 12.9, 15.8, 13.1. Wanafunzi wangu wote wanataka kuifuta 15.8 kwa kifutio, isionekane ilipita. Msimamo wangu ni kwamba isifutwe. Ipigwe mstari mmoja unaosomeka, na pembeni paandikwe sababu: aliyeshika simu aligeuka kuzungumza. Kama hakuna sababu, ibaki ndani ya wastani, kwa kuwa kuiondoa kwa vile tu hatuipendi ni upishi uleule kwa jiko dogo.

Na nisifiche: hata sehemu ya makosa yenyewe siku hizi inapikwa. Fungua ripoti yoyote ya maabara, utakuta chini sentensi mbili zilizokaririwa: makosa ya kibinadamu, na kosa la paralaksi, yaani la kusoma kipimo kwa jicho lililokaa upande. Ziko hata kwenye jaribio ambalo hakuna kipimo kilichosomwa kwa jicho. Mwanafunzi akiniandikia "makosa ya kibinadamu" namrudishia daftari na maswali mawili: ya ukubwa gani, na yanaelekeza jibu juu au chini? Asipoweza kujibu hayo, hajataja kosa, ametaja methali.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya gata na watoto, dunia ina makubwa. Basi tuyatazame makubwa. Mwaka 1852 meli ya upimaji ya Uingereza iitwayo Herald, chini ya nahodha Denham, iliteremsha kamba yenye risasi kusini mwa Atlantiki kutafuta kina cha bahari. Kamba ikashuka, ikashuka, mpaka mita zipatazo 14,000 ndipo wakaandika kwamba wamegusa chini. Leo tunajua hakuna mahali popote baharini penye kina hicho. Hata shimo la Mariana, linaloongoza duniani, lina mita 11,000 hivi. Kamba iliendelea kutoka kwenye gurudumu kwa sababu ilivutwa na mikondo na uzito wake yenyewe. Wangeishusha mara kumi, ingewadanganya mara kumi, upande uleule.

Miaka miwili baadaye bahari ilipimwa kwa njia nyingine, bila mtu kuteremsha kamba. Desemba 23, 1854 tetemeko lilipiga Japani, na wimbi likauvunja mji wa bandari wa Shimoda. Upande wa pili wa Pasifiki, kule San Francisco na San Diego, kulikuwa na mashine mpya zinazochora zenyewe kupwa na kujaa kwa maji. Saa 12 na ushei baadaye kalamu zake zilianza kutetemeka. Alexander Dallas Bache, mkuu wa ofisi ya upimaji wa pwani ya Marekani na kitukuu wa Benjamin Franklin, aliziona zile alama, akajua umbali, akajua muda, akapata kasi, kisha akaigeuza ile kanuni ya gata (kwa wimbi refu namna ile, hata bahari ni maji ya kina kifupi): badala ya kutafuta kasi kutoka kwenye kina, alitafuta kina kutoka kwenye kasi. Jibu lake lilikuwa karibu kilomita 4, na vipimo vya leo haviko mbali nalo. Ninachompendea zaidi ni kwamba njia ya San Francisco na njia ya San Diego hazikumpa jibu moja. Akayachapisha yote mawili. Kwenye mtihani wetu wa ujirani mwema angekosa alama.

Kwetu sisi wa pwani hii kanuni hiyo ilikuja yenyewe, siku ya Jumapili, Desemba 26, 2004. Tetemeko la Sumatra lilitokea saa 9:58 usiku kwa saa zetu. Kutoka kule hadi huku ni zaidi ya kilomita 6,000 za maji, mengi yakiwa na kina cha mita 4,000 hivi. Zidisha kwa 9.8, tafuta kipeuo: mita 198 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege. Mawimbi yalikuwa njiani kwa takriban saa nane hadi tisa. Kenya iliwahi kuwaondoa watu kwenye fukwe za Mombasa. Hata hivyo alikufa mtu mmoja nchini humo. Tanzania tulipoteza watu wasiopungua kumi, na Somalia walikufa karibu 300.

Fikiria ungekuwa wewe unayekadiria saa ya kufika. Kina cha bahari kwenye ramani yako kimekosewa kwa asilimia 10. Kwa sababu ya kile kipeuo cha pili, kasi inakosewa kwa asilimia 5 tu, jambo la kushukuru. Lakini asilimia 5 ya saa nane na nusu ni dakika 25. Ukitangaza saa ya kufika kwa dakika kamili, bila kutaja hizo dakika 25 za mbele na nyuma, umempa mvuvi namba inayopendeza na ushauri unaoua, kwa kuwa atahesabu bado ana nafasi ya kuvuta mtumbwi juu. Anayefanya kazi hiyo leo, kokote aliko, aliwahi kuwa mtoto wa maabara. Alifundishwa ama kuandika shaka yake, ama kuificha.

Nawajua wenzangu, najua watakachojibu. Darasa lina watoto 80 na gata moja. Karatasi ni nyingi na siku za kusahihisha ni chache, na namba ya kitabu inasahihishika kwa jicho moja wakati maelezo yanataka kusomwa. Yote ni kweli, na sina dawa ya darasa la watoto 80. Ila la alama halihitaji bajeti. Jedwali la vipimo ghafi, pamoja na vile vilivyopigwa mstari, lipewe alama nyingi kuliko jibu. Kosa lililotajwa kwa ukubwa wake na mwelekeo wake lipewe alama. Jibu lililo mbali na kitabu lakini limefuatana na vipimo vya mwanafunzi mwenyewe lipate alama zote. Na vipimo vitatu vinavyofanana hadi sehemu ya mia ya sekunde virudishwe kwa mwenyewe, arudie mbele ya mwalimu. Mwongozo wa kusahihisha ni karatasi iliyoandikwa na watu, na watu wanaweza kuiandika upya.

Hofu ya wengine ni kwamba tukilegeza namba ya kitabu, kila mtoto ataandika anachotaka na kukiita kipimo. Mimi naona kinyume. Kutunga 11.1 ni rahisi, kanuni inakupa. Kutunga 13.2, 12.9, 13.1, na kosa lenye ukubwa na mwelekeo unaoendana nazo, ni kazi ngumu kuliko kupima. Mtoto mvivu mwenyewe atagundua kwamba njia ya mkato ni kuchukua saa na kuinama kwenye maji.

Kwa mzazi nina ombi dogo. Ukifungua daftari la maabara la mwanao ukakuta namba imepigwa mstari, pembeni pameandikwa sababu kwa mwandiko wa haraka, na jibu la mwisho halifanani na la rafiki yake, usimgombeze kwa uchafu. Muulize kosa lilielekea wapi, juu au chini, na umsikilize akijibu.